Jina la Ninahazwe kwenye Filamu ya Wachina

Méthode alikuja kwenye kibanda cha Laurette pale sokoni Warwick akitaka kazi ya kutafsiri filamu kwa mdomo, wasiojua Kiingereza wafuatilie. Laurette, muuza filamu za kwenye flashi, alimsikiliza dakika kumi, wakavutana juu ya fungu lake, wakapatana.

Akampa ya Wachina: vijana wawili wanapendana, mtaa wao unabomolewa yajengwe maghorofa, binti anahama. Watafsiri huwapa waigizaji majina ya kwetu ili watu wacheke. Méthode akamwita binti Ninahazwe.

"Mtazameni Ninahazwe. Kaona lifti, kasahau mpenzi."

Wiki mbili tu, mtaa mzima wa Point walikuwa nayo. Ndipo Ninahazwe mwenyewe akaja.

"Dada Laurette, huyu unayemuuza ni mimi."

Alikuwa mchumba wa Méthode. Jengo lao la Point lilipofungwa likarabatiwe, alimpigia Méthode simu siku tatu, hakupokea. Akachukua kazi ya kutunza mgonjwa mtaa wa Overport, yenye chumba. Sasa saluni anakosukwa nywele wanamwita Lifti.

Laurette akaiwasha filamu, akasoma maandishi ya Kiingereza ambayo hakuwahi kujisumbua nayo. Binti alirudi mtaani mara mbili kumtafuta kijana. Kijana alijificha. Méthode aliyaruka yote hayo. Hasira zikampanda Laurette. Kupandisha bei ni biashara, huu ulikuwa uchafu. Akamwita Méthode.

"Weye ulisoma hapa?"

"Nilisoma, patrone," akamjibu bosi wake.

"Na simu zake?"

"Niliziona. Sikuwa na chumba. Ningemwambia nini?"

"Ungesema chumba haiko. Eish! Mwanaume mzima unamkimbia mtu, kisha unamtukana kwa mdomo wa Mchina?"

Laurette alitaka jina litolewe. Ninahazwe akakataa. "Liache. Wameshalijua. Sema binti alichofanya, na jina langu humo humo."

Méthode akatafsiri upya palepale kibandani, wanawake wa saluni wamesimama. Binti alipogonga mlango wa chumba kitupu, sauti ya Méthode ilishuka. Laurette akamwambia aipandishe. Alipomaliza akamgeukia Ninahazwe.

"Chumba nimepata sasa."

"Kaa nacho," akasema, akaifuata taxi ya Overport.

Saluni sasa wanamwita kwa jina lake. Nakala mpya inasuasua. Wanaume wanataka ile ya matusi, na Laurette ameifuta, wateja wamekwenda vibanda vingine. Méthode bado anatafsiri, lakini za mapigano tu. Za mapenzi Laurette hampi, hata akimbembeleza.