Kumwachisha Mashine

Wauguzi walimwita Kasuku, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurudia maneno ya wengine. Alikuwa mkalimani wa hospitali, na alijivunia kutoongeza wala kupunguza neno.

Asubuhi hiyo aliitwa kwenye wodi ya mahututi. Fundi bomba mmoja alikuwa amefukiwa na udongo akichimba mtaro, akabanwa kifua. Tangu hapo alipumulishwa na mashine. Daktari mgeni, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, aliwaambia ndugu zake kwa Kiingereza kwamba sasa wataanza "to wean him". Neno hilo Kasuku alilisikia kwa nadra, tena likisemwa juu ya watoto wachanga. Akaona haya kuuliza. Akasema, "Wataanza kumwachisha mashine."

Mama wa mgonjwa alishika ukuta. Kaka mtu, mwanamume wa miraba minne, akaenda kusimama mbele ya kitanda, akasema atakayegusa waya aanze kumgusa yeye. Daktari akatabasamu, akidhani anashukuriwa. Kasuku alielewa walichosikia: mtu wao anazimiwa mashine afe.

Akameza aibu, akamwuliza daktari neno lile lina maana gani hasa. Akaelezwa kuwa asili yake ni mtoto na ziwa la mama, ila hutumika pia kwa chochote ambacho mtu amekizoea na kukitegemea: dawa, sigara, mashine. Na daima ni polepole, si kwa mara moja.

Kasuku akamgeukia yule mama. "Nisamehe, mama. Hawamzimii. Ni kama ulivyomwachisha ziwa, kidogo kidogo."

Mama akauliza, "Na akilia?"

"Atarudishiwa."

Mama akamshika mkono mwanawe mkubwa, akamtoa pale mbele ya kitanda.

Jaribio la kwanza halikufika mbali. Mashine ilipiga kelele, midomo ya mgonjwa ikabadilika rangi, kaka akanyanyuka. Mama akamketisha kwa jicho tu. Wakamrudishia. Kesho yake alipumua mwenyewe hadi wakati wa chakula, nao wakikodolea macho kifua chake, kikipanda na kushuka. Juma halijaisha, mrija ukatolewa kooni.

Jambo la kwanza alilosema, kwa sauti ya kukwaruza, ni kumwomba kaka yake ainuke kitandani, amemkalia mguu. Kaka alicheka mpaka akalia. Daktari akataka kujua kumetokea nini, na Kasuku akamweleza neno kwa neno.