Kuku wa Kuwekesha

Zamani, ukiingia bomani kwa mtu wa kwetu mwenye wake wawili, hukuhitaji kuuliza nani mkubwa. Nyumba ya mke mkubwa ilikuwa na mahali pake, ikitazama lango la ng'ombe, na ya mdogo ilikaa pembeni. Mgeni aliona mwenyewe akajua amsalimie nani kwanza. Halafu likaja lori la kutuhamishia kwenye kijiji cha ujamaa, na huko nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, zote zinatazama upande mmoja kama watoto wa shule. Yangu na ya mke mwenzangu zikawa ubavu kwa ubavu. Mpita njia hakuweza kujua kitu.

Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni kiti.

Mume wangu alikuwa na kiti cha miguu mitatu kilichochongwa kwa gogo moja, kimekaliwa mpaka kinang'aa. Tangu alipooa kilikuwa nyumbani kwangu, na mwanamume wa kwetu hula pale kilipo kiti chake. Siku ya kuhama, lori lilisimama kwanza mlangoni kwa mke mdogo. Vya juu vikashushwa, na kiti kilikuwa juu. Kikaingia kwake. Nikasema moyoni kitarudi jioni. Jioni ikapita, ikaja nyingine, mpaka mvua za kupandia zikafika. Sikwenda kukidai. Mwanamke hadai kiti. Nilipika, nikafunika, nikakaa nikisikia ukuta wa pili watu wanakula na kucheka.

Mwenzangu alikuwa msichana bado. Meno meupe, sauti nyembamba, akicheka anajishika kifua. Mimi aliniita mama. Angeweza kuniita dada, wengine waliitana hivyo, lakini yeye alichagua mama, na kila alipolisema mbele ya watu nilijiona naota mvi.

Alikuwa na kuku mwekundu mwenye kishungi. Mume wetu alimnunua mnadani Nyamongo akamletea akiwa amembeba kwapani njia nzima, mtu mzima mwenye ng'ombe. Wakati ule wanawake wa kwetu hatukula kuku wala yai, kuku alikuwa wa mgeni na wa wanaume. Kwa hiyo kumletea mwanamke kuku haikuwa kumletea kitoweo, ilikuwa kumletea kitu cha kupendeza. Mimi nilipojifungua mtoto wa kwanza aliniletea jembe. Jembe zuri, sikatai.

Asubuhi moja mwewe alimshukia kuku yule pale uwanjani. Nilikuwa nasaga wimbi, nikasikia kelele na sauti ya mume wetu, na kabla sijasimama mwenzangu ameingia kwangu na kuku kwenye kanga, damu inamchuruzika mpaka miguuni. Analia kama aliyefiwa. Nikamtazama kuku. Kucha zilikuwa zimepasua ngozi ya chini ya shingo, na kile kifuko kinachopokea chakula kimechanika. Punje za mtama zilikuwa zinatoka kwa nje, moja moja.

Nikamwambia kuku wa namna hiyo huchinjwa, ampeleke kwa mzee ale.

"Mzee ndiye amesema nimlete kwako, mama," akasema. "Amesema kwa kushona mnyama hakuna mkono kama wako."

Ni kweli nilijua. Mama yangu alikuwa anashona ndama na mbuzi walioraruliwa na fisi, nami nilimshikia tangu mdogo. Nilishona mbuzi wengi wa mume wangu, na siku zote alichukua mbuzi wake akaenda zake. Sifa hiyo hakuwahi kunipa. Alikuja kumpa yeye, ili aniletee.

Nikasema haya, mshike mabawa.

Nikachemsha maji ya chumvi yakapoa kidogo. Nikanyonyoa manyoya kuzunguka kidonda, maana unyoya ukibaki ndani kidonda kinaoza. Nikaosha, nikatoa punje zilizokwama. Sindano nilikuwa nayo, uzi sikuwa nao, na duka la kijiji wakati huo lilikuwa na rafu na muuzaji tu. Mwenzangu akasema ana uzi, akakimbia kwake, akarudi na kitenge akaniambia nivute kwenye pindo. Kitenge kipya. Kile kitenge nilikuwa sijakiona hata siku moja. Nikakigeuza, nikakitazama mbele na nyuma, sikuuliza kimetoka wapi. Nikavuta uzi, nikavuta mrefu, mrefu kuliko kidonda, mpaka pindo likaanza kujikunja. Alikuwa anamwangalia kuku tu.

Kushona kifuko si kama kushona ngozi. Unashona kwanza kifuko peke yake, mishono ya karibu karibu, ndipo unarudi juu kushona ngozi. Ukivishona pamoja kuku atameza na chakula hakitashuka. Nilishona, nikapaka samli iliyochanganywa na masizi, nikamfunika kwa tenga kwenye kona ya jikoni ambako moshi unafukuza inzi. Mwenzangu akataka kuondoka naye. Nikamwambia kidonda hicho kinahitaji mtu wa kukitazama kila saa, na yeye zamu yake ya shamba la kijiji imefika. Akamwacha. Mwenyewe alimwacha.

Jioni ile mlango wangu ukaingia giza. Mume wangu alikuwa ameinama kizingitini, ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Kuku anaendeleaje?" akasema.

Tangu tuhamie pale, hilo lilikuwa neno lake la kwanza ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia anapumua. Akaingia, akainua tenga, akachungulia. Akamwambia kuku, pole mama, pole sana. Mimi niliwahi kulala na homa mpaka nywele zikanyonyoka, sikusikia pole ya namna ile. Akatafuta pa kukaa. Nyumbani kulikuwa na debe moja lililogeuzwa, nami nilikuwa nimelikalia, na sikunyanyuka. Mwenye kiti chake mahali akakikalie. Akachuchumaa pale karibu na kuku, akauliza anakula nini. Nikasema uji mwepesi wa wimbi, kwa ncha ya kidole. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo kubwa. Sufuria ya kunde ilikuwa inanukia. Aliitazama, akaaga, akaenda nyumba ya pili, na muda si muda nikasikia kicheko.

Kesho yake akaja tena. Ikawa kila jioni anakuja, anainama, anauliza kuku. Majirani wakaona. Mama mmoja wa nyumba ya mbele akaniambia kisimani, mwenzetu siku hizi unatembelewa. Nikamjibu anayetembelewa ni mgonjwa. Wakacheka, nami nikacheka, ndoo ikanimwagikia.

Nilimchukia kuku yule na nilimuuguza. Yote mawili niliyafanya vizuri. Siku moja harufu ilibadilika, nikaona funza wadogo pembeni mwa mshono. Nikachukua mafuta ya taa ya mwisho kwenye kibatari, nikadondoshea, nikawatoa kwa mwiba mmoja mmoja, nikaosha, nikapaka samli upya. Nikakaa gizani jioni hiyo kwa sababu ya kuku wa mwanamke mwingine. Baadaye watu walisema nilimchelewesha kupona ili mume aendelee kuja. Ni uongo. Kidonda kilipona haraka kuliko nilivyotaka, na nilipokata nyuzi ngozi ilikuwa imekauka safi. Lakini nilipoziona zile nyuzi za kitenge mkononi nilijua kwamba jioni zangu zimekwisha.

Hazikuisha, kwa sababu ya kuku mwenyewe. Nilipoanza kumwachia atembee ndani, alipata nafasi nyuma ya chungu changu cha nafaka, akataga. Akataga tena. Jogoo wa kijiji hawana mipaka. Siku mwenzangu alipokuja kumchukua, kuku alikuwa ameatamia, amejaza manyoya, ukimsogelea anadonoa.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Mtu mwenye ng'ombe haweki wote boma moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki akamtunzie, ugonjwa au wezi wakija wasimalize wote. Huko ndiko kuwekesha. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anakuja kumwangalia mnyama wake na anapokewa vizuri. Mnyama akizaa kwenye boma hilo hahamishwi mpaka mtoto asimame, na mtunzaji akitunza vizuri anapewa mtamba. Hakuna Mkurya asiyejua hilo.

Nikamwambia mwenzangu, huyu kuku amewekeshwa kwangu. Amezaa kwangu. Hahamishwi.

"Huyo ni kuku, mama, si ng'ombe," akasema.

"Mtunzaji hachagui mnyama."

"Mzee ndiye ataamua."

"Basi mlete."

Alitoka kwa hasira na mimi nikafagia. Mume wangu alikuwa anaitwa mpaka vijiji vingine kusikiliza mashauri ya ng'ombe, na kwa mashauri hayo alikuwa na taratibu zake. Shauri linasikilizwa pale mnyama alipo, na yeye hasikilizi akiwa amesimama wala kuchuchumaa. Kwa hiyo alikuja akatangulia, mkononi ana fimbo, na nyuma yake mwenzangu amebeba kiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyekibeba. Alikuwa na uhakika wa kushinda, kwa hiyo alitembea haraka, akakiweka katikati ya nyumba yangu, akakifuta kwa kanga.

Mume wangu akakaa. Nilitazama ile miguu mitatu kwenye sakafu yangu kavu ya udongo niliyoisiliba mwenyewe, nikasahau nilichotaka kusema. Ikabidi aniulize mara ya pili.

Tulisema wote wawili. Mwenzangu alisema kuku ni wake, na mzee anajua alivyompata. Nami nikasema kuku ni wake, hakuna anayekataa, hata ng'ombe wa kuwekesha ni wa mwenyewe. Mume wangu akageuzageuza fimbo mkononi. Nilimjua, alikuwa anataka kumpa yule mdogo, jicho lake lilikuwa huko. Lakini alikuwa ameamua shauri la aina hiyo kwa watu wengi, na jirani wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza. Akasema kuku abaki hapa mpaka vifaranga waote manyoya ya bawa, halafu arudi kwa mwenyewe, na mtunzaji apewe mtetea mmoja. Mwenzangu akaangalia chini. Sikumhurumia.

Hapo hapo rimu ya gari ikagongwa, ile iliyoning'inizwa kwenye ofisi ya kijiji. Mkutano. Katibu alikuwa mkali kwa wanaochelewa, kwa hiyo mume wangu akasimama, akachukua fimbo, akaenda na wale jirani. Mwenzangu naye akatoka akijifuta macho. Kiti kikabaki.

Jua lilipokaribia kuzama alirudi, akasimama nje.

"Mama, naomba kiti cha mzee. Mkutano unakwisha, atataka kula."

Nilikuwa nasonga ugali wa wimbi. Sikuacha mwiko. "Kiti kimewekeshwa," nikasema. "Mwenyewe akija kukiangalia atapokewa vizuri."

Nilingoja anijibu, nilikuwa na maneno tayari, mengi. Akageuka akaenda, na ukuta wa pili ukawa kimya.

Mume wangu alikuja kweli. Aliinama mlangoni, akakiona kiti pale alipokiacha, akanitazama, akatazama nje upande wa nyumba ya pili. Kisha akaingia akakaa. Nikamwekea ugali, nikamwekea kunde, nikaleta maji ya kunawa. Mkono wake ulikuwa juu ya bakuli nao ukasimama hapo, akageuza shingo kuelekea nyuma ya chungu.

"Na kuku leo ameshindaje?" akauliza.

Nikamwambia anawe kwanza.