Karatasi Halisi Haiachwi Dirishani

Nimevuka mipaka mingi, kwa miguu, kwa basi, na mara moja juu ya magunia ya vitunguu, na kila mahali nimeona jambo moja: watu wa mpakani hawaogopi bunduki kama wanavyoogopa dirisha. Dirisha lenye mtu nyuma yake, anayenyoosha mkono na kusema, "Lete karatasi." Karatasi ikishaingia, hujui itatoka lini. Inaweza kutoka na muhuri, na inaweza isitoke kabisa. Kwa hiyo mtu wa mpakani huonyesha karatasi yake huku ameishika ncha. Ukitaka kuisoma, isome hivyo hivyo, na vidole vyake viko juu ya jina lake.

Aliyewafundisha watu wa upande mmoja wa mpaka ujanja huo alikuwa muuguzi. Walimwita Mama Muhuri. Miaka ishirini na minne alikaa katika chumba cha afya pale kwenye kizuizi cha mpaka, chumba chenye meza moja, mizani, jokofu la chanjo lililokoroma kama mzee mwenye mafua, na muhuri wa wino wa zambarau. Alikagua kadi za chanjo za wapita njia, na aliwaandikia barua ya uhamisho wagonjwa wa dozi ndefu waliokuwa wakihamia ng'ambo. Siku zake za mwanzo kulikuwa na ofisa mmoja aliyezoea kuchukua kadi za watu na kuzirudisha anapojisikia. Mama Muhuri hakuwa na cheo cha kumzuia. Alikuwa na sauti. Alitoa kichwa nje na kupaza: "Jamani, karatasi halisi haiachwi! Onyesha, usiachie!" Watoto wakaigeuza wimbo wa kuruka kamba. Yule ofisa alihamishwa, wimbo ukabaki.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa akiuza viatu vya mitumba, siku tatu upande huu, siku tatu upande ule. Mezani alipanga vya kushoto tu. Vya kulia vilikaa guniani chini ya miguu yake, mwizi asipate faida. Mwanamke huyo alipopatikana na kifua kikuu, alimeza dawa upande huu miezi miwili, kisha soko likahamia ng'ambo naye akalifuata. Mama Muhuri mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua. Akagonga muhuri kwenye faili: AMEHAMISHWA. Faili likafungwa.

Kule ng'ambo karani wa kituo cha afya alinyoosha mkono. "Acha barua, urudi wiki ijayo." Wifi akaionyesha, ncha iko mkononi. Karani akavuta, wifi akavuta. Mwishowe wifi akainyoosha vizuri, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaenda zake bila dawa. Upande huu alikuwa amehamishwa, upande ule hakuwahi kufika. Miezi saba baadaye, baada ya mazishi, Mama Muhuri alifungua sanduku la marehemu akaikuta barua katikati ya vitenge viwili.

"Hata kona haikukunjika," aliniambia siku tulipokutana. Akainuka kupanga viti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Tangu hapo hakutulia. Alistaafu, akarudisha muhuri, akaanza kutembea. Alipita nyumba kwa nyumba, pande zote mbili, akiuliza: una barua ya uhamisho? Alizikuta kumi na tisa, chini ya magodoro, ndani ya makopo, moja nyuma ya picha ya harusi. Wanane kati ya wenye barua hizo walikuwa wameshazikwa. Mumewe, fundi saa anayeongea bila kuinua jicho kutoka kwenye lenzi, aliniambia, "Mke wangu ni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hilo shirika lake likipata usajili, huenda na mimi nikala chakula cha moto."

Shirika lenyewe lilikuwa wakfu: mfuko wa kugharimia huduma za afya pande zote mbili za mpaka, na kazi yake ya kwanza iwe kuajiri watu wa kumsindikiza mgonjwa, na barua yake, mpaka dirisha la pili. Wadhamini walikuwa watatu. Yeye mwenyewe. Muuguzi wa ng'ambo, mwanamke mrefu mpole aliyeitwa Twiga hata na mumewe. Na Mwenye Malori, aliyempoteza dereva kwa ugonjwa huo huo na kuahidi kwamba kila mwaka pato la lori moja litaingia kwenye wakfu, mradi cheti cha usajili kipatikane kabla ya mwezi kwisha. La sivyo, alisema, kwa pesa hizo angejenga lango kubwa penye njia kuu, lenye jina la mama yake.

"Lango halikohoi, shemeji," Mama Muhuri alimwambia.

"Lakini linaonekana. Wakfu wako sijaona hata kivuli."

"Basi jina la mama yako tutaliweka kwenye wakfu."

"Juu?"

"Juu."

"Herufi kubwa?"

"Kubwa kuliko za ubavuni mwa lori."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa tulipopanda ngazi za ofisi ya msajili, Mama Muhuri mbele, Twiga nyuma yake, nami nikiwafuata kwa sababu sijui kukaa nje ya mlango ambao wengine wanaingia. Dirisha namba nne. Karani alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na feni ilipogeuka alilaza mkono juu ya karatasi bila kuangalia. Katiba aliipitisha. Muhtasari wa kikao aliupitisha. Alipofika ukurasa wa sababu za kuanzisha wakfu, akasimama. Hapo wadhamini walikuwa wameandika habari ya wifi, na kuambatanisha barua.

"Hii ni nakala," karani alisema.

"Ni nakala."

"Nataka halisi."

"Halisi ninayo."

"Mama, kuwa nayo wewe na kuwa nayo sisi ni mambo mawili. Kiambatisho kilichotajwa kwenye maombi kinakaa hapa kikiwa halisi, au nakala yake inathibitishwa na ofisa aliyekitoa."

"Ofisa aliyekitoa ni mimi."

"Basi thibitisha."

"Nimestaafu. Muhuri niliurudisha."

Karani alivua miwani. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeitoa, wewe ndiye unayeileta, na wewe ndiye usiyeweza kuithibitisha."

"Umeelewa upesi kuliko nilivyotegemea."

Twiga aliinama. "Dada, tuiondoe. Maombi yatasimama bila hiyo."

"Mnaweza," karani alisema. "Wadhamini mkutane upya, kwa notisi ya siku ishirini na moja. Mkiiacha leo, cheti Ijumaa ijayo."

Siku ishirini na moja zilimaanisha lango la Mwenye Malori. Mama Muhuri alilijua hilo, nasi tulilijua. Aliingiza mkono kifuani, akatoa mfuko ule ule wa nailoni. Barua ikatoka, nyeupe, na muhuri wake wa zambarau kama umegongwa jana. Akaipitisha dirishani. Karani akaishika. Yeye hakuiachia.

"Achia, mama."

"Utaiweka wapi?"

"Kwenye faili."

"Faili linakaa wapi?"

"Kabatini."

"Kabati lina ufunguo?"

"Lina."

"Nani anao?"

Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mzee mmoja wa chama cha wafuga nyuki akauliza kwa sauti, "Mama, kwani unaoza binti?" Watu wakacheka. Karani naye akacheka, lakini vidole havikulegea, si vyake wala vya Mama Muhuri. Nilimtazama usoni nikaona hachezi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu nyoka alimfuga mwenyewe.

"Nipe karatasi, nikupe karatasi," alisema. "Andika umepokea nini, kutoka kwa nani, tarehe, jina lako. Gonga muhuri."

"Hatuna fomu ya hivyo."

"Mimi nina kalamu."

Aliandika kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa bado dirishani umeshika ncha. Mistari minne. Karani aliisoma mara mbili, akatazama foleni, akatazama saa ya ukutani, kisha akasaini na kugonga muhuri wa bluu. Mama Muhuri alipokea karatasi yake kwanza. Ndipo vidole vya kushoto vikafunguka, kimoja kimoja.

Kwenye ngazi aliketi. Sijawahi kumwona akiketi bila kusihiwa.

"Imenichukua karibu saa nzima," alisema. "Mimi niliyesoma. Mimi nisiye na homa, na Twiga yuko kando yangu. Yeye alikuwa na dakika mbili na kikohozi."

"Na kwetu karani hatoi kitu," Twiga alisema polepole. "Anachukua, anasema urudi wiki ijayo. Nimekuwa nikiwalaumu wagonjwa."

"Hakukosea."

"Nani?"

"Wifi. Nilimwambia asiachie, na hakupewa kitu cha kushika." Akasimama. "Leta mpango wa kazi, ule tuliobaki nao."

Akaukunjua juu ya ukuta wa ngazi, watu wakipita na mafaili yao, akapiga mstari juu ya wasindikizaji, mstari juu ya pikipiki zao mbili. Akaandika upya. Kazi ya kwanza ya wakfu itakuwa vitabu vya risiti vya nakala mbili, na mtu mmoja wa kukaa nyuma ya kila dirisha, huku na kule. Barua haipokelewi mpaka mwenye barua ashike risiti mkono mmoja na dawa ya siku hiyo mkono mwingine.

"Na pikipiki?" Twiga aliuliza, kwa sababu alikuwa ameshajifunza kuendesha.

"Zitasubiri."

Mwenye Malori alipigiwa simu hapo hapo. Sauti yake ilisikika mpaka ghorofa ya chini. "Vitabu? Sasa jina la mama yangu litakaa wapi, kwenye vitabu?"

"Juu ya kila risiti, shemeji. Na watu wetu unawajua. Kila mgonjwa atalala nalo chini ya mto."

"Kila mgonjwa?"

"Pande zote mbili."

"Chapisheni," alisema, akakata.

Kati ya siku hiyo na Ijumaa Mama Muhuri hakulala vizuri. Mumewe alisema aliamka alfajiri kuangalia kama risiti iko, akaihamisha kutoka kwenye sanduku hadi kwenye kopo, kutoka kwenye kopo hadi nyuma ya saa ya ukutani, kisha akasahau ni saa ipi. Kwa fundi saa hilo si jambo dogo. Walizigeuza zote.

Ijumaa tulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Karani alikuwa na cheti mkononi, karatasi nene, jina la mama wa Mwenye Malori kwa herufi kubwa.

"Lete ile risiti," alisema. "Inarudi kwangu, nifunge faili."

Nilidhani vita vitaanza upya. Mama Muhuri aliitoa risiti, akaishika ncha. "Kwanza nionyeshe barua yangu."

Karani alifungua faili na kuligeuza upande wetu. Barua ilikuwepo, mahali pake, kati ya muhtasari na katiba. Alikuwa ameitoboa matundu mawili ubavuni ili iingie kwenye waya. Tundu moja lilipita katikati ya neno la kwanza la anwani. Twiga alivuta pumzi. Karatasi ambayo marehemu hakuikunja hata kona.

Mama Muhuri aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma barua fupi.

"Haitapotea hivyo," karani alisema, safari hii kwa upole. "Isiyotobolewa ndiyo hupotea."

Mama Muhuri akaachia risiti. Akapokea cheti. Tulipofika kwenye ngazi Twiga akanyoosha mkono, akasema, "Dada, nionyeshe," nami nikamtazama Mama Muhuri nione atashika ncha ipi. Hakushika yoyote. Alimpa cheti chote, akatangulia kushuka kwa haraka, ngazi mbili mbili kwa umri wake, na mikono yake mitupu haikujua pa kukaa.