Matawi ya Kona ya Sigino

Jumanne iliyopita, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nilikuwa kiti cha nyuma cha gari la chuo cha udereva, nikingoja zamu yangu. Usukani alikuwa nao dada aliyerudi kutoka Norway na leseni ya huko. Alitaka mwalimu ampime kabla hajamwendesha mama yake mgonjwa hadi Arusha Jumamosi.

"Huko mlifundishwa nini?" mwalimu akauliza.

"Kuendesha kwenye barafu, Mwalimu. Gari likiteleza, ufanyeje."

"Hapa Babati barafu tunaiona kwenye juisi tu."

Kabla ya kona ya Sigino tulikuta matawi matatu mabichi yamelazwa barabarani. Dada akaegesha vizuri, akawasha taa za hazadi, akashuka, akayaokota na kuyatupa mtaroni. Mimi mwenye digrii nilimsifu moyoni kwa ustaarabu.

Mwalimu alitoka mbio. "Rudisha! Mbele kuna lori bovu!"

Kweli, pale konani lori la mahindi lilikuwa limekwama, na miguu ya fundi imechomoza uvunguni. Alikuwa ametusikia. "Dada," sauti ikatoka chini, "hayo majani ndiyo roho yangu!"

Dada aliyarudisha yote matatu, akipima umbali kwa hatua. Mwalimu akacheka. "Jumamosi mpeleke mama. Barafu ulishafuzu, majani umefuzu leo."

Kitabu cha alama za barabarani nimekisoma mara nne. Hakina ukurasa wa matawi. Kesho yake asubuhi nilikwenda tena konani, kwa miguu. Lori lilishaondoka, matawi yamebaki. Niliyatazama sana, na sikuthubutu kuyagusa.