Nilikwenda Kasulu kuangalia milima, kumbe wa kuangaliwa ni mimi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijatia chumvi. Sehemu ya aibu nilitaka kuiruka, ila bila hiyo hakuna uzi.

Ilikuwa 2014. Mimi ni fundi friji wa Temeke, mzaliwa wa Tanga, mtu wa joto. Baridi naijua kwa kuifungulia mlango na kuitengeneza.

Nilikuwa na binti, tumwite Edina, muuguzi, Muha wa Kasulu. Tulikuwa tumefika ile hatua ambayo mwanamke anakuuliza "sasa kwetu unakwenda lini?" na huwezi tena kujifanya simu inaita.

Baba yake ni marehemu, kwa hiyo mambo yote yalikuwa kwa baba yake mdogo, mzee Bosco. Nilipompigia simu nikijiuma uma, akanikatiza:

"Weye njoo kwanza utembee, uone milima yetu. Mengine baadaye."

Wakuu, nilifurahi. Nikajua ya ukoo yatakuja safari nyingine, hii ni likizo tu. Nikaazima kamera kwa jirani, nikawaahidi washikaji picha nikiwa kileleni, mikono nimeitanua kama nimeununua mlima.

Basi lilitupitisha Nyakanazi, tukaja Kibondo. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuwa zimeanza, na barabara ile enzi hizo walioipita wanaijua. Kibondo nilishuka kunywa chai nikiwa na tope hadi kwenye nyusi. Hapo ndipo nilipovaa mashati mawili kwa mara ya kwanza maishani.

Kasulu nikapokewa vizuri. Edina alikuwa ametangulia. Ugali wa muhogo, migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, maharage, nikala mpaka nikaona haya.

Mzee Bosco akaniambia, "Kesho tunapanda. Huku wingu linafunga mapema. Ukichelewa hutaona kitu."

Hiyo sentensi ya wingu ndiyo iliyoniponza.

Asubuhi tukatoka, yeye na koti lake refu na mabuti ya mvua, mimi na kamera shingoni. Hatujafika hata mbali, tukakutana na mzee anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi.

Sasa kwa wasiojua: Muha hakupungii mkono akapita. Anasimama. Anaweka mzigo chini. Anainama, anapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye. Mnashikana mikono, mnashikana mabega, anauliza nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, maharage. Na ukidhani imeisha, hapo ndiyo kwanza mmefika kwenye maharage.

Yule mzee aliiegemeza baiskeli yake kwenye mti, mlimani, na mzigo ule, ili anisalimie mimi nisiyemjua.

Tukamaliza. Mbele, akina mama watatu wanatoka shambani. Majembe chini. Mwakeye.

Mbele tena, jamaa anapiga misumari juu ya paa. Nikasema huyu angalau atatupungia. Wapi! Alishuka ngazi, akafuta mikono kwenye suruali, akaja mpaka barabarani.

Kila mmoja akimaliza ananitazama kutoka viatuni hadi kichwani, anasema neno kwa Kiha, mzee Bosco anajibu, wanacheka. Mimi nacheka pia. Nikawaza, Waha watu wacheshi sana.

Lakini jicho langu lilikuwa juu. Wingu limeanza kuteremka taratibu. Nawaza picha zangu, nawaza washikaji wa Temeke, roho inaniuma kabisa.

Ndipo nikamwona.

Bibi mmoja, kwa mbali, anateremka na fimbo na kapu. Alipotuona tu akasimama, kapu chini, fimbo pembeni, akakunja mikono ya sweta. Wakuu, yule bibi alikuwa anajiandaa!

Nikapiga hesabu. Huyu peke yake atamaliza wingu lote.

Nikamwambia mzee Bosco, "Baba, naomba niingie hapa kidogo, haja ndogo," nikazama kwenye migomba.

Haja yenyewe sikuwa nayo. Nilijibanza tu, nikisubiri wamalizane. Hawakumalizana. Nasikia makofi, nasikia vicheko, kisha bibi anauliza kitu, mzee anajibu kifupi. Mimi huku siafu wamenigundua, wameingia kwenye suruali, naruka ruka bila sauti. Sikutoka mpaka fimbo yake iliposikika ikirudi ilikotoka.

Na hapo ningepaswa kujiuliza, mtu aliyekuwa anateremka, kwa nini anarudi juu? Sikujiuliza. Nilikuwa nawaza siafu.

Kileleni tulikuta wingu limefunga. Picha niliyopiga ni nyeupe kama shuka la hospitali. Mzee Bosco aligeuka, akaanza kushuka. Njia nzima ya kurudi alinitangulia kwa hatua ndefu.

Nyumbani Edina akanivuta nyuma ya jiko. Macho mekundu.

"Kwa nini umemkimbia shangazi?"

"Shangazi yupi?"

"Shangazi Yustina! Dada mkubwa wa marehemu baba! Ametoka kwake juu kule kuja kukupokea!"

Nikakaa kwenye kuni.

Edina akanieleza taratibu, kama mgonjwa anayeelezwa dawa. Yule mzee wa baiskeli ni babu yake mdogo. Akina mama wa majembe ni wake wa wajomba. Wa kwenye paa ni binamu. Njia ya mkato ya kwenda kileleni ipo, ila mzee Bosco alinizungusha makusudi ili ukoo unione, na kila mmoja alete neno lake. Wote wameshaleta, na wote wamenikubali. Wa paa amesema nacheka cheka sana lakini sina ubaya.

Aliyebaki ni shangazi, na bila shangazi hakuna ndoa.

"Na yeye kasema nini?"

Edina akafuta machozi, nikaona anazuia kicheko kwa nguvu zote.

"Kasema yeye hajaona mtu. Kaona migomba inatikisika."

Wakuu, niliogopa. Yule binti nilimpenda kweli, na hapo nilijiona nimembadilisha kwa picha ya mawingu.

Mzee Bosco akatoka ndani, akasema sentensi mbili tu. "Kesho utapanda mwenyewe. Njia unaijua."

Kesho yake nikaacha kamera kitandani, nikapanda. Wote walikuwepo! Na wote, nawaapia, walikuwa wameshasikia. Mzee wa baiskeli nilimwahi mimi, nikainama, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wa paa alishuka tena ngazi, safari hii anacheka kabla hajafika chini. Niliuliza habari za maharage ya watu ambao hata shamba lao silijui.

Nikafika kwa shangazi. Anga leo jeupe kabisa, hakuna hata kipande cha wingu, na ua wake unatazama bonde lote na milima ya kuelekea Burundi.

Alikuwa ameniwekea kigoda. Kinatazama ukuta wa nyumba.

Nikakaa, milima yote iko mgongoni kwangu. Nikaanza, mwakeye. Shangazi akanitazama kwa muda, mikono imetulia mapajani, hapigi kofi wala haitikii.

Kisha akauliza, kwa Kiswahili cha polepole ili nisije nikasema sikuelewa:

"Mukwe, ulimaliza kukojoa?"

Nilicheka mpaka nikadondoka kwenye kigoda. Naye akacheka, akaniinua kwa mabega, ndipo salamu ikaanza. Nyumbani, mama yangu Tanga, watoto wa dada zangu, mvua, friji za Temeke, zote moja moja. Jua lilituhama.

Alipotosheka akakishika kigoda mwenyewe, akakigeuza.

"Haya, sasa tazama milima yetu."

Nilitazama, wakuu, na sina picha hata moja ya kuwaonyesha.

Tulifunga ndoa. Shangazi hunipigia simu mpaka leo, na swali lake la kwanza ni lile lile, hata nikiwa mbele ya mteja.

Nilichojifunza: ukialikwa ukweni kutalii, wewe ndiye mandhari. Tembea taratibu.

Mliooa Uha leteni yenu. Wa kusema hii chai karibuni pia, vikombe vipo. Mwenye swali aulize, ila asalimie kwanza.