Zamu ya Mama Makochi

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita mama yangu kwa jina lake. Alikuwa Mama Makochi. Ukimtafuta kwa jina la kwenye cheti cha ubatizo, utazunguka mpaka visigino viishe. Kazi yake ilikuwa kuvisha viti: anang'oa kitambaa kilichochakaa, anatupa sponji iliyobonyea, anakaza springi, kisha anavuta kitambaa kipya mpaka hakina hata kikunjo. Misumari midogo aliibana midomoni, kwa hiyo akiwa kazini alikuwa hasemi. Akiitema, ujue kuna jambo.

Kanisa letu la Methodisti lilikuwa katikati ya mlima na bonde. Juu waliishi weupe, chini tuliishi sisi weusi, na Jumapili tulikutana kwenye jengo moja, wao mabenchi ya kulia, sisi ya kushoto. Hakukuwa na kibao kilichosema hivyo. Ilikuwa tu inajulikana, hata na watoto wachanga, nadhani.

Kila muumini wa kwetu yumo kwenye darasa. Darasa ni kikundi kidogo kinachokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Mnasoma Neno, mnaulizana hali ya roho, na mwenye nyumba ndiye anayeomba sala ya kufungua. Weupe walikuwa na madarasa yao, nasi yetu. Kisha akaja mchungaji mpya, mwanamke mfupi asiyemung'unya maneno. Alisimama mimbarani akasema, "Ubaguzi wa rangi ni dhambi. Acheni kuuita mazoea." Akayavunja madarasa yote, akayapanga upya, weupe kwa weusi. Kanisa zima likaitikia Amina, na kwa sauti kubwa sana. Amina haina nauli.

Mama akaangukia darasa lililoongozwa na Mwalimu Mkuu mstaafu, mzee mweupe ambaye hata suruali yake ya kukatia majani ilipigwa pasi. Wiki za kwanza walikutana mlimani, nyumba moja baada ya nyingine, na Mama alirudi amefurahi.

"Mnajua nimekaa wapi leo?" alituambia. "Juu ya kazi yangu mwenyewe. Nimezijaribu zile springi, hazijalia hata kidogo."

Maana nusu ya makochi ya mlimani yalipita mikononi mwake.

Kisha zamu ikashuka bondeni, kwa makanika, jirani yetu. Makanika alisukuma magari yote mabovu kutoka uani, akafagia, akakopa vikombe. Siku yenyewe Mwalimu akasema barabara ya bondeni ni mbovu, afadhali wakutane kwenye ukumbi wa kanisa. Makanika akakubali shingo upande. Usiku ule nilimsikia akiyarudisha magari yake uani, moja moja, bila kusema na mtu.

Iliyofuata ilikuwa zamu ya Mama.

Viti vya nyumbani kwetu vilikuwa vituko. Fundi hujihudumia mwisho, hilo kila mtu analijua. Safari hii Mama alifunga kibwebwe. Alivivua viti vyote, hata kochi na kigoda, akavivisha upya kwa mabaki aliyopewa na wateja wake, kila kiti rangi yake: kimoja maua, kingine bluu, kingine mahameli nyekundu iliyoiva. Baba alipaka ukuta chokaa. Mama akawa anakata sponji huku anajifundisha sala ya kufungua, sala ndefu, yenye Ibrahimu na Sara na wageni wao.

Nilimuuliza kama anataka weupe wampende.

"Kupenda ni juu yao," alisema. "Mimi nataka waketi kwangu. Basi."

Asubuhi ya siku hiyo, Jumamosi, Mwalimu akatokea. Alisimama mlangoni, viatu vyake nje ya kizingiti.

"Mama, nimeona tukutane ukumbini tena. Kule kuna nafasi zaidi. Usijisikie vibaya."

Mama akatema misumari kiganjani. "Sawa, Mwalimu."

Mwalimu akaondoka ameridhika, maskini. Baba akamtazama Mama. "Mke wangu, hiyo sawa yako mimi naijua."

"Kalete mkokoteni," Mama akasema.

Tulivipandisha viti ukumbini kwa safari kadhaa, Baba anavuta, mimi nasukuma, jasho linatutiririka. Mama alivipanga kwa duara na birika la chai katikati, kama sebuleni kwetu. Wanadarasa walipofika walibaki wamesimama, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

"Hii ni nini?" Mwalimu akauliza.

"Zamu yangu. Mmeikataa nyumba, nimewaletea nyumba."

"Hakuna aliyeikataa nyumba yako, Mama."

"Mbona hujaingia, basi? Asubuhi umesimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita ya umeme." Sauti yake ilianza kutetemeka, lakini hakuishusha. "Nimevisha viti vyenu nusu ya mlima. Mkishiba Jumapili mnalala juu ya kazi ya mikono hii. Ila kukaa kwangu, barabara mbovu! Semeni kwamba sisi ni weusi, tujue moja."

Moyo wangu ulijaa hadi pomoni. Nilitaka kupiga vigelegele mle mle ukumbini.

Aliyesogea kwanza ni Bibi wa Kinanda, mpiga kinanda wa kanisa letu. Alikuwa mweupe, amekula chumvi nyingi, na alitembea kwa mkongojo. Aliketi kwenye kiti cha mahameli, akakipapasa.

"Hiki kitambaa ni cha kochi langu."

"Kilibaki, Bibi. Ulisema nichukue."

"Nilisema." Akafikiri kidogo. "Nyumbani kwako kiti hiki kinakaa upande gani?"

"Dirishani."

"Basi nitakikalia huko huko dirishani. Nipandisheni mkokotenini na kiti changu."

Baba akaenda kushika mkokoteni. Bibi akamzuia kwa mkongojo. "Wewe pumzika, mwanangu. Mwalimu ndiye aliyetuleta ukumbini, Mwalimu atuondoe."

Uso wa Mwalimu uliiva. Lakini kwa Bibi wa Kinanda hakuna aliyewahi kubisha, hata wachungaji. Akavua koti, akashika mkokoteni. Makanika akanyanyua kochi upande mmoja, na muuza miwani wa mlimani, mweupe asiyewahi kunisalimia, akanyanyua upande wa pili. Kila mtu akabeba kitu. Mimi nilibeba birika.

Tukashuka bondeni mchana kweupe. Watu walitoka milangoni.

"Mama Makochi, umefukuzwa?" mmoja akapaza sauti.

"Nimepata wageni!" Mama akajibu, na shingo yake siku hiyo ilikuwa ndefu.

Katikati ya mteremko Bibi akageuka kitini. "Mwalimu, mbona barabara nzuri tu?"

Mwalimu akakaza mikono kwenye mkokoteni. Tulipofika, alimshusha Bibi taratibu, akaingiza kiti cha mahameli mpaka dirishani, kisha akarudi nje kuchukua kigoda kilichobaki. Akasimama nacho kwenye kizingiti kile kile cha asubuhi, amekikumbatia kama mtoto wa watu.

"Mama, nisamehe," alisema. "Haikuwa barabara."

"Najua haikuwa barabara. Ingia ukae."

Akaingia. Akaketi kwenye kigoda hicho hicho, maana viti vilikuwa vimejaa.

Mama akasimama katikati ya sebule kuomba sala ya kufungua. Akamtazama makanika, akamtazama muuza miwani, akamtazama Bibi dirishani na Mwalimu aliyekunja magoti chini kabisa. Nikaona midomo yake inatafuta Ibrahimu, inatafuta Sara, haiwapati. Akafumba macho.

"Bwana," alisema, "wameketi."

Makanika ndiye aliyetangulia kusema Amina.