Marinda ya Yai

"Hivi wewe, huyo mtoto unamfungia chakula au unamshonea?"

Mke wa kinyozi ndiye aliyemwuliza jirani yangu swali hilo asubuhi moja, ameegemea dirisha la jikoni kwake na mswaki mdomoni.  Jirani yangu alikuwa ameinamia kipande cha mkate juu ya ubao, mkasi mkononi, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo kama inavyomtokeza akikata kola. Alipomaliza akauinua mkate kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku, ndipo akasema, "Vyote viwili."

Mtaani tunamwita Mama Futi, kwa sababu ya ile futi ya kupimia nguo isiyotoka shingoni mwake. Hata siku ya ibada huja nayo. Huikumbuka katikati ya sala, akaivuta polepole na kuitumbukiza mkobani, na sisi tulio nyuma yake tunabana vicheko, Mungu atusamehe. Anashona sare za shule. Chumba chake cha mbele ndicho karakana: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, meza ndefu ya kukatia, na sare zimetundikwa kwenye kamba toka ukuta huu hadi ule, kiasi kwamba ukiingia lazima upenye katikati ya mashati na magauni kama mtu aliyechelewa darasani. Tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Cherehani yake ikinyamaza muda mrefu, mimi hujua kuna jambo.

Mjukuu wake aliletwa akiwa darasa la pili. Binti wa mwisho wa Mama Futi alipata kazi mji wa mbali, kazi ya kulala hukohuko, na mtoto hakuwa na pa kumweka. Huyo mtoto alikuwa akiletwa kutembea tangu anajifunza kusema, tukampa jina la Chiriku, maana alikuwa hanyamazi. Alizungumza na paka, alizungumza na ndoo, kivuli chake alikisalimia. Lakini safari hii aliposhuka na kibegi chake, maneno yote alikuwa ameyaacha alikotoka. Ukimwita, "Abee." Ukimwuliza, "Ndiyo." Ukimpa chakula, "Nimeshiba." Basi.

Shule yao haipiki. Kila mtoto huja na chakula chake cha mchana. Wiki za mwanzo Mama Futi alimfungia wali na maharage, kama alivyowafungia wanawe wote na wote wakakua. Kibakuli kilirudi kama kilivyokwenda, maharage yameganda, wali umekuwa jiwe.

"Umeshiba nini, mama? Upepo?" bibi yake alimwuliza.

Mtoto akatazama vidole vya miguu yake.

Njia ya kumlisha ilitokea chini ya meza. Mama Futi alikuwa anakata sare, na Chiriku amekaa sakafuni anaokota vipande vinavyoanguka. Bibi alipoinama kuchukua chaki akakuta mtoto amevipanga vile vipande juu ya saruji: shati, sketi, mkanda, hata viatu. Alikuwa amevipanga vizuri, rangi kwa rangi. Na alikuwa anatabasamu peke yake.

Kesho yake alfajiri, mkasi uliingia jikoni. Aliosha mkasi mpya kabisa, akaufunga utepe mwekundu usije ukachanganyika na ile ya kazi. Mkate akaukata umbo la shati. Kola ikawa ya tango, vifungo vya njegere. Yai alilikaanga jembamba kama karatasi, akalikunja marinda, moja baada ya jingine, akalizungushia uzi wa karoti kiunoni. Maharage makubwa mawili yakawa viatu. Papai akalikata kwa mkasi mwingine mpya, wa meno, kama ule unaozuia kitambaa kufumuka, likapata pindo la mawimbi.

Wala hakuwa anacheza tu. Nesi wa kliniki aliwahi kutufundisha sisi akina mama kwamba chakula cha mtoto kiwe na cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kuukinga na maradhi. Wengi tuliitikia tukasahau. Mama Futi alikumbuka kwa sababu aliyageuza maneno yale kuwa ya kwake. Cha nguvu, aliniambia, ndicho kitambaa. Cha kujenga ndio uzi. Cha kukinga ndilo pindo, na nguo isiyo na pindo hufumuka yote. Kwa hiyo kila asubuhi alihakikisha vyote vitatu vimo, ndipo anafunga mfuniko.

Siku hiyo kibakuli kilirudi cheupe, hakina hata punje. Mama Futi alinigongea ukutani nije nikione. Tulikitazama pamoja kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Toka hapo hakukuwa na kulala. Leo koti la kiazi kitamu lenye bitana ya parachichi, kesho kofia ya yai la kuchemsha na skafu ya mchicha. Mke wa kinyozi alimcheka kila siku. Alisema wanawe yeye wakipewa kiazi wanakula kiazi, hawakiulizi kola yake iko wapi. Mama Futi alicheka naye, akaendelea kukunja marinda. Jumapili binti yake alipopiga simu, swali la kwanza lilikuwa moja tu: mtoto anakula? Na Mama Futi akajibu kwa kifua mbele kwamba anamaliza bakuli, muulize jirani kama naongopa. Nami nikaitika kwa sauti toka mlangoni kwamba ni kweli.

Sasa nieleze kidogo kuhusu sare. Mshonaji wa watoto hakati nguo sawasawa na mwili. Hubakiza kitambaa kwa ndani, kwenye mishono ya kiuno na kwenye pindo, na hicho wanakiita akiba. Muhula ukiisha, mtoto amerefuka na kunenepa, fundi hufumua mshono na kuitoa akiba, nguo ikamfuata mwili. Msimu huo watoto hupanga foleni mlangoni kwa Mama Futi, na yeye huwatania mmoja mmoja, wewe umekula nini, umemeza ndugu yako?

Alipowamaliza wa watu akamwita wa kwake.

"Njoo, mke mwenzangu, nikutoe akiba," akamwambia, maana ndivyo wanavyotaniana.

Alikuwa amekwisha kuufumua mshono wa kiuno. Akamvalisha gauni, akakusanya kitambaa cha mgongoni apime atoe kiasi gani. Kitambaa kikajaa kiganjani. Akakiachia, akakikusanya tena. Urefu mtoto alikuwa ameongezeka, lakini kiuno kilikuwa kimerudi nyuma.

Cherehani ikanyamaza. Nilipoingia nilimkuta amekaa na lile gauni mapajani, uzi uliofumuliwa umetapakaa kwenye khanga yake.

"Jirani," akasema, "nimefumua ili nitoe, kumbe natakiwa kubana."

Alifikiri ni minyoo. Alimpeleka kliniki, na nesi yuleyule akampima kila kitu kwa upole, akamtazama macho na ulimi, akampa uji ulioletwa kwa wagonjwa wa wodini. Chiriku akaunywa wote, akalamba na kijiko. Nesi akamvuta Mama Futi pembeni akamwambia mtoto huyu ni mzima, hana ugonjwa wowote. Ana njaa tu.

Neno hilo lilimchoma. Njaa, na bakuli linarudi tupu, na jioni mtoto anasukuma sahani akisema ameshiba? Alilitafakari njia nzima. Hakumsumbua mtoto kwa maswali, maana alijua atajibiwa "ndiyo" na "abee". Kesho yake akafungasha nguo za michezo alizokuwa amewashonea wanafunzi, akazipeleka shuleni mwenyewe saa ya chakula cha mchana, ijapokuwa zingeweza kusubiri.

Alinisimulia mara nyingi yale aliyoyaona, na kila mara anasimulia kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye kona ya jengo alisikia sauti aliyokuwa hajaisikia tangu mtoto aletwe. Ilikuwa inatiririka bila kituo. Akachungulia. Watoto wamekaa duara kwenye kibaraza, na katikati yao Chiriku amesimama, kibakuli mkononi, anaeleza. Hii ni sketi ya bibi harusi, anasema, imeshonwa asubuhi hii, marinda yake msiyaguse kwa vidole vichafu. Hizi suruali ni za bwana harusi, zimebana kidogo kwa sababu amekula sana. Watoto wanacheka hadi wanaegemeana. Halafu akauliza zamu ni ya nani. Sketi ikaenda kwa huyu, suruali kwa yule, papai likagawanywa hadi pindo la mwisho. Kila mmoja alipopata chake, Chiriku alifunga mfuniko na kujifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kama mtu aliyekula akashiba.

Mama Futi alimkabidhi mwalimu furushi, akarudi nyumbani bila kujionyesha.

Jioni alimkalisha mtoto katikati ya magoti yake amsuke. Mtu anayesukwa hamtazami msusi usoni, na maneno hutoka kwa urahisi. Akamwambia amemwona. Hakumkaripia. Akamwuliza tu mbona hajiachii hata kipande kimoja.

 Msuko mzima ulipoisha Chiriku akasema, "Nikila mwenyewe, wataondoka."

Mama Futi alijaribu kwanza njia iliyo karibu. Alifunga vibakuli viwili, kimoja cha kugawa, kimoja cha mwenyewe. Vyote viwili viligawiwa, na duara likaongezeka watu. Basi akafuata ushauri wa mke wa kinyozi, aliyesema mfungie viazi vya kuchemsha uone nani atamfuata. Hilo nalo akalifanya. Viazi vilirudi vyote, na mtoto akarudi na vidole vya miguu vya kutazama. Alipoulizwa alisema walikuja, wakachungulia, wakaenda kucheza.

Ule mchana sikusikia cherehani kabisa. Niliingia kumjulia hali, nikampa wazo langu: amwambie mwalimu awafukuze wale watoto, mjukuu ale kwa nafasi. Alitikisa kichwa. Akasema akiwafukuza wao amemfukuza na yeye. Alikuwa ameshika kibakuli kile kitupu, anakizungusha mapajani. Kuna nguo ya kuvaliwa, akaniambia, na kuna nguo ya kutundikwa dirishani watu waione. Mtoto alihitaji ya kuvaa, na yeye kila asubuhi alimshonea ya dirishani.  Nilimwombea kimoyomoyo, naye nadhani alikuwa anaomba pia, maana midomo yake ilicheza.

Kesho yake alirudi kwenye marinda. Alikunja sketi moja, shati moja, viatu viwili, chakula cha mtoto mmoja. Mchana akaniomba nimsindikize shuleni, nimshikie mkoba kwani magoti yalikuwa yanamsumbua. Mkoba wenyewe haukuwa na kitu. Nadhani alitaka tu mtu wa kusimama naye.

Leo ukipita kwenye kibaraza kile utakuta duara bado lipo. Kila mtoto amefungua bakuli lake, na Chiriku yumo katikati anawapangia: viazi vya huyu vimekuwa kofia, maharage ya yule vifungo, wali umekuwa pazia la harusi. Mdomo wake umejaa chakula na bado anaongea, mwalimu amechoka kumkataza. Muhula uliopita niliingia kwa Mama Futi nikamkuta anaitoa akiba ya lile gauni, ameshika pini midomoni, hawezi kusema, ananionyesha kwa kidole tu: tazama, tazama. Na Jumapili simu ilipolia alimpa mtoto mwenyewe ajibu kama anakula. Akaanza kuongea, na simu ile hatukuipata tena kwa muda mrefu.

Mke wa kinyozi anasema ni ufundi wa mkasi, na siku hizi mwenyewe nimemwona akikata kiazi umbo la samaki, akaficha aliponiona. Lakini mimi nilikuwepo siku ile, nimesimama na mkoba mtupu, na nakumbuka kwamba pale kibarazani mkasi haukutumika. Mama Futi aliwakuta wameshaketi, Chiriku amefungua mfuniko lakini hajaanza kueleza, maana alikuwa amemwona bibi yake. Watoto walitaka kutawanyika. Akawaomba wabaki. Alijishusha polepole hadi sakafuni, akakaa nao kwenye duara, futi ikining'inia shingoni. Akatazama sura zao moja moja, sura za watoto ambao viuno vyao vyote aliwahi kuvipima. Kisha akawaambia:

"Wajukuu zangu, naomba mnisaidie. Mwenzenu akila chakula chake kikaisha, msiondoke. Kaeni naye tu."